Midomo ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Pipa la rangi ya nili limekubali! Nilikuwa nimeshakata tamaa nalo. Wiki nzima nalilisha ndizi zilizolainika na chokaa, nalifunika blanketi kama mgonjwa, na lenyewe limenuna tu. Leo nimefunua – povu lenye mng'ao wa shaba juu, chini maji ya kijani-manjano, na ule uvundo wake. Mdogo wangu kaingiza pua, kakohoa, kasema linanukia vizuri kuliko mume aliyemwacha. Tumecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Tumechovya shuka za oda ya bibi harusi. Zinatoka kijani, unazitundika, hewa inazigusa – mara buluu. Miaka yote hii na bado nasimama kutazama, mdomo wazi.

Mdogo wangu leo alikamua akiwa amekaa juu ya ndoo. Eti mgongo.

Jumatano, 6 Machi

Glavu zimetoboka tena. Mikono yetu buluu mpaka viwikoni, kucha ndiyo usiseme. Sokoni muuza vitunguu katuuliza tumemnyonga nani. Mdogo wangu: "Mteja aliyeomba apunguziwe bei." Watu hoi!

Ila njiani kurudi alisimama mara kwa mara. Anajifanya anaangalia madirisha ya maduka. Duka la misumari! Misumari ya nini? Nikamwambia twende zahanati. Akaja juu: amenenepa tu, nisimchurie.

Jumamosi, 9 Machi

Midomo yake ina buluu. Nimemwambia futa mdomo, unakula nili. Kafuta kwa mgongo wa mkono – na mkono wenyewe buluu! Tumecheka sana.

Shuka za mwisho zimekubali rangi vizuri. Karibu nyeusi.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu asubuhi. Pipa linapoa.

Nimeingia chumbani kwake na chai, nimemkuta amekaa kitandani, mito imepangwa mgongoni. Alilala hivyo hivyo. Anasema akilala chali anazama. Neno lake hilo. Kuzama.

Na midomo vilevile. Nikasema hii rangi leo lazima itoke, unatembea kama kizuka. Nikachukua kipande cha kitambaa cheupe, maji ya moto, sabuni. Nikamfuta. Kitambaa kikabaki cheupe. Nikasugua tena, kwa nguvu, mpaka akashika mkono wangu.

Cheupe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tulipohamia hapa."

"Na kucha?"

"Kucha zilianza kwanza. Ila kwa kazi yetu hii, dada, nani angejua? Nili imenisitiri."

Nilitaka kumpiga kofi. Nimemvalisha soksi.

Jumanne, 12 Machi

Hospitali. Nilimleta jana, sikuandika kitu, sikuweza.

Nesi alimbana kidoleni kile kidude cha kupimia hewa kwenye damu. Namba haiji. Kidole kingine, haiji. Akauliza huyu ameshika nini. Nikamwonyesha mikono yangu. Akaleta spiriti na pamba, akaanza kumsugua kucha. Nikamwambia haitoki, nesi, naijua, nimeipika mwenyewe. Mwishowe akambana sikioni. Namba ikaja. Nesi akaitazama, akatoka mbio.

Daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Amesema ni moyo. Mlango mmojawapo ndani haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Huenda ni ile homa ya viungo ya utotoni, imemla kimyakimya. Ile homa! Mama alimkanda magoti, akapona, akarudi kuruka kamba. Sote tulisema imeisha.

Daktari akauliza kwa nini tumechelewa. Mdogo wangu, ndani ya barakoa ya oksijeni: "Tulikuwa na oda."

Hakucheka mtu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda nyumbani kumchukulia nguo. Mama wa bibi harusi mlangoni, ananisubiri. Akazikunjua shuka moja moja pale pale barazani, akasema nzuri, ila hii moja ina doa. Nikasema ndiyo. Akasema mbona sauti yangu hivyo. Nikasema mafua.

Pipa limekufa. Buluu tupu mpaka chini, halina hata harufu. Sikuligusa.

Nimerudi wodini. Daktari ananingoja. Anataka kumpeleka hospitali kubwa, wamfungue kifua, wamwekee mlango mwingine. Gari lipo leo, kesho hajui. Nikauliza atapona? Amesema wengine hupona. Wengine hawafiki meza ya upasuaji, safari yenyewe huwamaliza. Akibaki hapa? Akatazama sakafu. Siku chache.

Mdogo wangu alikuwa amesikia yote. Akavuta barakoa kando, nikairudisha, akaivuta tena. "Mimi si pazia, wanishone. Nirudishe nyumbani nikakae karibu na dirisha. Wakikuuliza, sema hapana. Niahidi."

Niliitikia kwa kichwa. Nilitaka tu avae barakoa.

Daktari akanivuta koridoni. Anasema hewa haimfiki vizuri kichwani, asubuhi alimdhani nesi ni mama yetu. Maneno yake hawezi kuyachukua yalivyo. "Wewe ndiye dada mkubwa. Amua wewe." Nikamwambia alivyosema kuhusu pazia ni yeye kabisa, ana akili zake zote! Akasema, basi ni hapana? Nikamwomba dakika chache. Akasema anamaliza wodi ya pili, kisha anarudi.

Nimekaa kando ya kitanda. Amelala, kichwa kimeinamia begani kwangu, mzito kama alivyokuwa mdogo nikimbeba mgongoni. Nje dereva ameshawasha gari. Mdogo wangu akiamka atanitazama usoni na atajua nimejibu nini.

Viatu vya daktari koridoni. Nitamwambia –