Bango Liko Njia Panda, Binti Hataki Udaktari

Dada mshauri,

Nisaidie upesi, maana bango bado liko njia panda na kila anayepita analisoma.

Naitwa Kuttappan. Ni kuli wa sokoni hapa Erattupetta. Napakia na kupakua malori. Mchele, saruji, mpira, chochote. Mke wangu Omana alifariki, huu mwaka wa tatu. Nina mtoto mmoja, binti, Anagha. Kamaliza shule, kafaulu vizuri, ila ule mtihani wa udaktari alama hazikutosha kupata nafasi ya serikali. Za kulipia hapa kwetu hazishikiki. Akaja wakala nyumbani na boksi la halua. Akasema apelekwe Uzbekistani, huko nafasi zipo, akirudi ni daktari. Nikaona mwanga. Nikiuza kale kashamba ka miti ya mpira nyuma ya nyumba, inawezekana.

Nikasema sokoni. Ndipo yalipoanzia. Thankachan, kiongozi wa chama chetu cha makuli, akapiga meza pale kwenye chai: "Mtoto wa kuli daktari! Hili linataka bango!" Wakala akasema atachapisha yeye, bure. Kesho yake liko juu, kubwa kama mlango wa lori. HONGERA DAKTARI ANAGHA, FAHARI YA MAKULI. Wamechukua kichwa chake kwenye picha ya shule, wakakibandika kwenye mwili wa mtu mwenye koti jeupe na ile mipira ya kusikilizia moyo. Kila mtu akawa ananiita Baba Daktari. Muuza chai ananiambia, "Baba Daktari, leo sukari nakupunguzia, binti yako asije akanigombeza." Nilifurahi, sidanganyi. Tangu Omana aondoke sikuwahi kucheka na watu namna ile.

Anagha aliliona tukirudi pamoja. Tumefika nyumbani, anaosha mchele, ndipo akaniuliza, "Baba, ile shingo ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi sitaki kwenda, baba. Nataka kusoma famasia. Chuo kiko Kottayam, nitakwenda kwa basi na kurudi."

"Ukauze vidonge?"

"Nikauze vidonge, ndiyo. Na nimwambie mtu anavimezaje. Humkumbuki yule dada wa dirishani?"

Namkumbuka. Omana alipolazwa hospitali kubwa, daktari alikuwa anapita kama gari la moshi. Ukifungua mdomo, keshafika kitanda cha tatu. Aliyetusaidia ni dada wa dirisha la dawa. Alitoka nje, akakaa na sisi kwenye benchi, akatuonyesha kidonge kimoja kimoja. Hiki kabla ya kula. Hiki usichanganye na kile. Anagha kamweka huyo moyoni. Mimi nimebaki na yule daktari, nilivyomkimbilia kwenye ngazi nikamkosa. Ndiyo maana nataka daktari wangu mwenyewe, wa ndani ya nyumba.

Ningekubali yakaisha. Lakini juzi nimemsikia nyuma ya nyumba anaongea na rafiki yake kwa simu. "Nikienda mimi, nani atampikia? Huyu atakula chai na biskuti mpaka aanguke na gunia kichwani."

Sasa sijui kipi ni kipi, anaitaka famasia kweli au ananionea huruma, maana kama ni huruma nauza shamba kesho na nitamsukuma mpaka ndani ya ndege hata akilia, mama yake angefanya vilevile, na kama anaitaka kweli basi nimemtundika mtoto wangu njia panda kwa kitu asichokitaka, na nitamwambiaje Thankachan alishushe, na dada yangu Ammini naye kila jioni anakuja kusema msichana akiogopa ndege unamfunga kamba, na wakala anataka jibu mwisho wa mwezi. Nimemuuliza Anagha mara nyingi. Anasema famasia, halafu anashika sufuria.

Nifanyeje?

Kuttappan, Erattupetta


Kaka Kuttappan,

Pole kwa kumpoteza Omana. Hii nyumba imemkosa mtu, na nyinyi wawili kila mmoja anajaribu kuliziba pengo kwa mwenzake. Hilo si jambo baya. Ila mnagongana.

Kabla ya yote, nenda ukalitazame lile bango pale chini kabisa. Wakala gani anachapisha bure? Kama sikosei utaikuta namba yake ya simu. Basi hilo si bango la Anagha, ni tangazo la duka, na umemwazima mwenye duka kichwa cha mwanao.

Kutaka daktari ndani ya nyumba sikulaumu. Aliyemkimbilia daktari kwenye ngazi akamkosa, ana haki ya kutaka. Ninachokugombezea ni hiki: unamuuliza mtoto huku picha yake inaning'inia barabarani na sufuria yako iko mkononi mwake. Unategemea akujibu nini? Akisema udaktari, utajiuliza kama ni kwa aibu ya bango. Akisema famasia, unasema ni sufuria. Hakuna jibu utakaloliamini. Ondoa vyote viwili, ndipo uulize.

Bango lishushe wewe mwenyewe, mchana, soko limejaa. Usimngoje Thankachan. Watacheka, ndiyo. Wewe unabeba saruji kichwani, kicheko kitakushinda? Akikuuliza kuna nini, mwambie, "Mtoto bado anachagua." Basi. Na Ammini mwambie kamba akafungie mbuzi.

Sufuria ichukue leo. Uji wa mchele na choroko haujamuua mwanaume yeyote. Utaunguza, utaula hivyohivyo. Shati lako ufue mwenyewe. Usimpe hotuba kwa nini unafanya hivyo, pika tu, mpaka siku asikie kifuniko kimeanguka jikoni asiinuke. Siku hiyo atakuwa ameamini kwamba baba yake hatakufa kwa biskuti. Wakala asubiri. Akisema nafasi zinaisha, mwambie ziishe.

Wakati unajifunza kupika, tembeeni. Nendeni wote wawili Kottayam, mkakione hicho chuo, mkaongee na wanaosoma pale. Kisha mtafuteni mtu aliyesomea udaktari nje akarudi. Si yule mnayeletewa na wakala, mtafuteni wenyewe. Mwulizeni waliondoka wangapi, wamerudi wangapi, na ule mtihani wa kuruhusiwa kutibu hapa nyumbani wamefaulu wangapi. Wapo waliofaulu na wanatibu watu vizuri. Wapo waliokwama miaka, na shamba la baba limeshauzwa. Miti yako ya mpira isiguswe mpaka muwe mmesikia yote mawili.

Halafu muulize. Mara moja tu. Akisema ndege, mbariki aende, na wewe utakuwa tayari unajua kupika. Akisema famasia, usigune, usiseme "sawa, lakini". Mimi kwa ulivyoniandikia nadhani najua atakavyosema, ila sitaki kumsemea, ameshasemewa vya kutosha na lile koti jeupe. Nikukumbushe kitu kimoja tu. Yule dada wa dirishani naye ana baba yake mahali. Labda baba huyo naye aliwahi kuulizwa, "Binti yako anauza vidonge?" Na wewe miaka mitatu baadaye bado unakumbuka kidonge kipi kilikuwa kabla ya kula.

Bango usilichome. Lile ni turubai zuri, na mvua hizi hazichezi. Funika nalo kuni. Mpishi anahitaji kuni kavu, na mpishi sasa ni wewe.