Mkwe Mlangoni, Damu Mguuni

S.L.P. 47,
Magomeni, Mtwara.
2 Desemba 1974

Mpendwa Kaka Alawi,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga, na lile jino limetulia? Sisi tu wazima. Nimetanguliza neno hilo makusudi usije ukashtuka, maana mwezi uliopita hatukuwa hivyo.

Shemeji yako Isihaka aliungua. Alikuwa akichoma korosho uani, na unajua mafuta ya maganda yake yalivyo na hasira. Moto uliruka ukamlamba tumbo na mapaja. Tukamkimbiza hospitali. Uso, alhamdulillahi, ulisalimika.

Siku ya nne muuguzi wake, Sista Modesta, mwanamke wa Newala asiyecheka ovyo, alimwamuru aanze kutembea. Alitueleza kwamba aliyeungua sana hupoteza maji, damu ikawa nzito, na akilala tu inaweza kuganda miguuni. Kipande kikimeguka kikafika mapafuni, mtu hufa huku anaongea. Isihaka akaitikia vizuri, akalala. Kesho yake akadai maumivu. Keshokutwa, kizunguzungu. Halafu akaanza kukoroma kila akisikia viatu vya Sista.

Siku ya tisa mguu wa kushoto ulivimba chini ya goti, mahali ambapo moto haukufika kabisa. Daktari akaushika, akaupima na wa pili. Damu ilikuwa imeanza kuganda. Kaka, nililia sauti ikakauka. Wakauinua mguu juu ya mito, wakamchoma sindano za kuizuia damu isigande zaidi.

Sista akamwinamia. "Bwana Isihaka, niambie kweli. Unaogopa nini?"

Akanong'ona: "Mkwe wangu."

Mama yetu, Kaka! Tangu siku ya kwanza alitandika mkeka mlangoni mwa wodi, anamsomea uradi kutwa kucha kwa mapenzi. Na Isihaka, kwa vile vidonda havikutaka suruali, alikuwa amejifunga kanga yangu iliyoandikwa TAZAMA USICHOKE. Maneno yote yamemkaa nyuma. Apite hivyo mbele ya mkwe? Aliona heri kaburi.

Sista alicheka mpaka akashika kitanda. Nikatoka kumweleza Mama. Akapaza sauti wodi nzima ikasikia: "Mkwe wangu, binti nilikuoza awe mke, sikukuoza awe mjane! Ukiruhusiwa, pita!"

Daktari alipomruhusu, akapita. Kila akikaribia mlango alikohoa kumpa Mama ishara, naye akageukia ukutani na kujifunika ushungi. Hatua sita, kesho yake ishirini. Tatizo ni kwamba wodi ile ina wenye kifua wengi. Kila aliyekohoa, Mama aligeuka, mpaka shingo ikamkakamaa na Sista akawa na mgonjwa wa pili, huyu wa kukandwa shingo.

Tumerudi nyumbani tangu Alhamisi. Mguu umepungua, vidonda vinafunga, vidonge bado anameza. Kila asubuhi anakwenda Chikongola kwa miguu na kurudi. Mama anakaa nasi kwa sasa. Kaka, kwa miaka kumi na mmoja, Mama na mkwewe walisalimiana kwa kunituma mimi. Jana nimewakuta jikoni wanagombana kuhusu chumvi ya mchuzi wa pweza, kila mmoja ameshika upawa. Nikarudi nyuma polepole nisiwavuruge.

Nisalimie Wifi Mwaisha, na Waziri umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mola awafunike kwa rehema zake, awaepushe na moto wa hapa na wa huko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Zuhura