Gesti Yetu ya Chini ya Iyovi

Baba Rehema wangu,

Nimekaa kwenye kibaraza cha gesti, upande ule wa jikoni, na malori yanashuka mlima Iyovi yakiwa yameshika breki mpaka harufu inafika huku. Asubuhi hii ukungu umechelewa kuondoka. Rehema ameniambia nisikuandikie, ati najiongezea huzuni. Nimemjibu kwamba kuna mazungumzo mimi na wewe hatukuyamaliza, na mtoto hawezi kumalizia mazungumzo ya wazazi wake.

Unakumbuka siku uliponiletea habari ya nyumba hii? Ulikuwa umetoka safari ya Tunduma. Nilikuwekea maji ya kuoga pale kwa mama, Magomeni ya Kilosa, ukaoga, ukaja kukaa kwenye mkeka, na hukuuliza chakula. Nikajua kuna jambo.

"Mama Rehema," ukasema, "yule Mzee Sanga wa pale chini ya Iyovi anauza gesti yake. Anarudi kwao Makete."

"Sasa sisi inatuhusu nini?"

Ukacheka kidogo, halafu ukaacha. "Maisha yangu yote nimelala kwenye vitanda vya watu. Nimechoka na usukani. Tuinunue, tukae wote wawili. Mimi nitapokea wageni, wewe utasimamia jiko. Wageni wakishalala tunakula sahani moja."

Tangu unioe ulikuwa mtu wa barabara. Rehema alizaliwa wewe uko Tunduma, akaanza shule wewe uko njiani, hata posa yake ilipoletwa uliisikia kwa simu. Nilikuwa nimezoea kukuandalia, kukuona umelala kama mgonjwa, kisha kukusindikiza tena. Kwa hiyo uliposema sahani moja, mambo ya gesti sikuyasikia tena. Nilisikia sahani tu.

Niliuza shamba la mpunga la Msowero, lile aliloniachia baba, na kaka zangu wakanuna mpaka Idd ikapita. Wewe ukauza sehemu yako ya lori. Shamba silijutii. Nataka ulijue hilo, maana ulikuwa ukiniuliza mara kwa mara, nami nilikuwa nakujibu kwa mkato.

Siku tuliyokwenda kuitazama, Mzee Sanga alitutembeza chumba kwa chumba. Ulibonyeza magodoro, ukafungua mabomba, ukapanda mpaka kwenye tanki kuchungulia maji. Ulikuwa unajua dereva aliyechoka anataka nini: shuka safi, maji yanayotoka, mahali pa kuegesha penye mlinzi, na mtu wa kumwamsha. Mimi niliingia jikoni nikaona masizi na dirisha dogo, nikasema moyoni, hapa nitapaka chokaa. Wakati huo nyani mmoja akatoka porini, akanyakua sabuni kwenye karo, akapanda nayo kwenye bati.

"Huyo naye mnamnunua pamoja na nyumba," Mzee Sanga akasema, na sisi tukacheka mpaka ukajishika ubavu.

Kisha akatuuliza nani atakaa hapa. Ukamwahi: "Mimi na mke wangu."

"Vizuri," akasema. "Mimi tangu mwenzangu afariki, nyumba imenizidi."

Tulirudi Kilosa tumebanana kiti cha mbele cha Noah, na njia nzima hukuacha kuongea. Ulipanga kupaka rangi, ulipanga kufuga kuku, ulipanga kuchonga kibao kipya cha barabarani. Nadhani hiyo ndiyo safari niliyokuona una furaha kuliko zote, na wala hukuwa umeshika usukani.

Nilikuwa nimeshafunga vyombo kwenye maboksi mama alipoanguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia. Uliacha rangi na brashi, ukaja siku hiyohiyo, ukambeba kama mtoto kumtoa kwenye gari la hospitali. Alipoanza kuongea tena, kwa tabu, ulikaa kando ya kitanda chake ukamwambia, "Mama, twende wote Mikumi, kwenye gesti. Kule kuna chumba chako, na hewa ya mlimani ni nzuri."

Akakutazama kwa lile jicho moja lililobaki na nguvu. "Mwanangu, mimi nimezikwa kitovu hapa. Sitaki kwenda kufia barabarani."

Hukubishana naye. Ulitoka nje, nikakufuata, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Tusimlazimishe. Mimi nitatangulia, nikaweke mambo sawa. Akipata nafuu utakuja." Hakuna aliyekosea pale. Nimejaribu kutafuta aliyekosea, ili nimkasirikie nipumzike, na sijampata. Mama alikuwa na haki ya kitanda chake. Mimi ndiye binti pekee. Na gesti tulikuwa tumeshainunua, isingeweza kukaa bila mtu.

Ndipo tukaanza kuishi wewe Mikumi, mimi Kilosa. Umbali huo si wa kutisha, watu huenda na kurudi siku moja, lakini mgonjwa wa kugeuzwa na kulishwa haachwi. Ulikuwa unakuja ukipata nafasi, umebeba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na ndizi za mlimani, unakaa na mama, unamtania, kisha unaondoka kabla gari la mwisho halijapita. Masika barabara ilikatika, tukabaki na simu. Ulikuwa unaniwekea simu karibu na bati ili nisikie mvua ya huko. Mimi nilikuwa nakusomea hali ya mama: leo amekula, leo hakulala. Tulizungumza mambo ya wagonjwa na mabomba. Ya kwetu tulikuwa tunayaweka, tukiamini yana wakati wake.

Nililala hapa nikiwa mke wako mara moja tu. Rehema alichukua likizo Morogoro akaja kumshika bibi yake, ukanifuata mwenyewe na bodaboda ya rafiki yako mpaka kituoni. Siku mbili. Niliamka nikakukuta ukumbini, kitambaa begani, unamimina chai, na kila dereva unamwambia, "Mke wangu kafika." Nilikanda chapati, zikaisha, nikakanda nyingine. Salome, yule mama wa Kihehe uliyemwajiri kufua na kusafisha, akaniambia, "Mama, baba leo hata hakohoi." Usiku ule tulikula sahani moja, wali na nyama, na wewe ukanisogezea nyama yote upande wangu kama ulivyokuwa ukimfanyia Rehema alipokuwa mdogo. Nilidhani tutakula hivyo mpaka tuchokane.

Mama alifariki kiangazi kilichofuata, akiwa kitandani kwake, kama alivyotaka. Ulimshusha kaburini kwa mikono yako. Matanga yalipoanuliwa uliniuliza, "Unakuja lini?" Nikasema nifanye arobaini ya mama kwanza, halafu nikabidhi nyumba kwa kaka, halafu nije moja kwa moja. Ukasema, "Hapo sawa. Kuna kitu nakimalizia."

Salome alipiga simu asubuhi, nachambua mchele wa arobaini. Alianza na shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akaniamkia tena. Nikamwambia, "Salome, sema." Akasema ulikuwa unaanika mashuka, ukakaa chini ukiegemea ukuta, akadhani umepumzika.

Mchele niliouandaa kwa ajili ya mama ndio walioula waliokuja kukuzika wewe.

Nikakaa eda palepale Magomeni, ndani ya nyumba ambayo nilitakiwa niwe nimeikabidhi. Watu walikuwa wema, walikuja, walisoma, walileta sukari. Mimi nilikuwa natazama maboksi ya vyombo, yale ya zamani, nilikuwa sijayafungua tangu mama aanguke.

Eda ilipoisha nilikuja hapa. Salome alinipokea kituoni, akanibebea begi, na tulipofika akatoa ufunguo mmoja peke yake kwenye pindo la khanga.

"Chumba cha mwisho," akasema. "Baba alikataza kisipewe mgeni. Hata siku basi lilipoharibika na watu wakalala ukumbini, alikataa. Alisema hiki ni cha mama."

Nilifungua. Nilikuwa nakumbuka chumba kile kilikuwa na dirisha la kutazama barabara, kama vyote. Ulikuwa umeliziba kwa matofali na kupiga plasta, ukatoboa ukuta wa nyuma, ukaweka dirisha kubwa upande wa mlima. Plasta ilikuwa bado haijapakwa rangi. Hicho ndicho ulichokuwa unakimalizia. Maana nilikuambia ile mara moja niliyolala hapa kwamba sikupata usingizi kwa kelele za malori. Niliisema kama mtu anavyolalamikia mbu, na nilikuwa nimeshaisahau.

Nilikaa kitandani, nikatazama mlima. Sikulia siku hiyo. Nililia baadaye, mbele ya dereva mmoja kutoka Mbeya, alipouliza, "Mzee yuko wapi?" akitegemea uje na birika.

Nimeiendesha gesti mwaka na zaidi, Baba Rehema, na sikuiangusha. Nimepaka jiko chokaa. Kuku wapo. Madereva wananiita Mama Mkubwa, na vijana wa utingo wananiamkia vizuri. Nimejifunza kumtambua anayetaka kuongea na anayetaka kulala. Nimejifunza kwamba mvua ikinyesha Iyovi, baada ya muda mfupi magari yanajazana hapa, kwa hiyo naweka maji ya chai mapema. Napenda kazi hii. Sikutegemea.

Lakini wiki iliyopita walikuja mtu na mkewe kutoka Makambako, wanatafuta mahali pa kununua. Sikuwa nimetangaza, walisikia tu kwamba nipo peke yangu. Nilitaka kuwakatalia. Mume akapanda kwenye tanki kuchungulia, na mke akabaki na mimi jikoni.

"Mama, nyie mlikaa hapa miaka mingapi, wewe na mzee?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Siku mbili."

Alidhani sikusikia swali. Akanitazama, akaona nimesikia, akaacha kuuliza. Akachukua kisu akanisaidia kumenya vitunguu.

Nimewakubalia. Rehema anadhani ni yeye aliyenishawishi niende kukaa naye Morogoro, mwache adhani hivyo. Salome atabaki nao, hilo nililiweka kuwa sharti. Chumba cha mwisho sikukiwekea sharti lolote. Watalala wao, au watampa mgeni, na atakayelala humo ataamka aone mlima bila kujua dirisha lilitobolewa kwa ajili ya nani.

Usifikiri naikimbia nyumba yako. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe hukuwahi kunifichia wako. Kila kitu ninachokipenda hapa nimekipenda baada yako. Ukungu, chai ya alfajiri, hata wale nyani. Nilitakiwa nivipende wewe ukiwepo, na hilo ndilo siwezi kulirekebisha kwa kubaki.

Nitapita Kilosa kwanza kukusalimia ulipolala, nikung'olee majani, kisha nishike njia ya Morogoro. Mungu akupe nafasi pana huko, na usingizi usiokatizwa na safari.

Ni mimi mke wako,
Mama Rehema