Mashine Ambayo Haikujizima Misigiri

Mtaa wa Mitunduruni,
Singida.
14 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Hezekia,

Shikamoo Mjomba. Habari za huko Kanada na kiangazi chenu kifupi? Mgongo unaendeleaje, na mama Ezekieli amepona kile kikohozi? Huku upepo wa Agosti umeanza, vumbi linaingia mpaka ndani ya makabati yaliyofungwa. Mama yuko Kinyangiri, amemaliza kupiga alizeti na anakusalimu sana. Moses mume wangu ni mzima. Mimi siumwi, ila chakula hakipiti vizuri, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, nikashindwa. Niliogopa kusikia sauti yako ikibadilika.

Mjomba, mashine ya kusafishia mazulia uliyotutumia imemuunguza Yunisi. Ni yule wifi yangu, mdogo wake Moses, ambaye tangu tuanze kazi ndiye anayeshika bomba la kusafishia ndani ya nyumba, nami nabaki kwenye gari ilimofungwa mashine, kuangalia injini na maji. Yuko hai na anapona. Tulia kwanza, halafu usome yaliyobaki.

Mwezi wa saba mashine ilianza kujizima. Tunafanya kazi dakika ishirini, inazimika; tunangoja ipoe, inawaka, inazimika tena. Siku moja ilizimika mara nne kwenye sebule moja, mwenye nyumba amesimama mlangoni anatutazama. Nilijua kuna kidude kinachoizima maji yakipata moto kupita kiasi, lakini nilijiambia kidude chenyewe ndicho kibovu. Nikamwita Antipasi, fundi wetu wa umeme wa magari. Nikamwambia akate waya mbili zinazoingia pale na kuziunganisha moja kwa moja, mashine isiweze kujizima.

Akasita. Akasema, "Dada Eliana, hiki kitu waliokitengeneza walikuwa na maana yao."

Nikamjibu, "Unganisha tu, kesho nina kazi Misigiri."

Hayo ndiyo maneno yangu, Mjomba. Nayasikia kila ninapoinama kwenye ile injini.

Kazi ya Misigiri ilikuwa nyumba ya wageni ya Mama Scola, pale barabarani. Tulijaza tenki kwa maji ya kisima chake, nayo yana chumvi kuliko haya ya mjini. Chumba cha tatu tulimkuta mama yake mzazi amekaa kwenye kiti. Bibi hasikii vizuri na miguu imemchoka, akasema hatoki, anataka kuona zulia linavyooshwa. Yunisi akamsogezea kiti ukutani, akaendelea.

Saa tano hivi akatoka mlangoni kuniambia maji yanakuja kwa kukohoa, mara yanatoka, mara hewa tupu. Nikamwambia aendelee, nitaangalia. Pampu ilikuwa inagonga kama ina kokoto ndani. Nikafungua boksi la maji, lile linalopokea kutoka kwenye tenki kabla ya pampu, nikakuta maji yamebaki chini kabisa. Boya lilikuwa limeshuka, lakini kivalvu chake cha kuingizia maji kilikuwa kimeziba kwa chembe nyeupe. Nikatazama kipimo cha joto. Mshale ulikuwa umepita nyekundu na kulala upande wa pili.

Hapo ndipo nilipaswa kuzima injini. Ulinifundisha hivyo kwenye simu mwaka jana: maji yakikosekana, zima, ngoja ipoe, halafu tafuta. Mimi nikachukua spana nikagonga kile kivalvu. Kikaachia. Maji ya baridi yakaingia kwa nguvu, pampu ikayasukuma kwenye koili, lile bomba la kujizungusha linalopasha maji, iliyokuwa kavu na imeshika moto, na sekunde chache baadaye nikasikia mlio ndani ya nyumba, kama gurudumu la lori limepasuka. Halafu nikasikia sauti ya bibi.

Nilizima injini nikakimbia. Chumba kilikuwa cheupe kwa mvuke, sikuona mtu. Nikaita Yunisi, hakujibu, nikaamini nimewaua wote wawili. Nikaingia nikipapasa ukuta.

Mvuke ulipopungua nikawaona. Mpira unaoleta maji ya moto kutoka kwenye gari ulikuwa umechomoka kwenye kiungo chake na kuanza kurukaruka sakafuni kuelekea kwenye kile kiti. Yunisi alitupa bomba, akaukamata mpira kwa mkono na kuugeuzia dirishani, akaushikilia hivyo hivyo mpaka nguvu zikaisha. Bibi hakuguswa hata na tone. Mkono wa kulia wa Yunisi, kuanzia kiganjani mpaka kiwiko, ngozi ilikuwa imeanza kuachana na nyama. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kama bibi yuko salama.

Tulimwagia maji ya ndoo mkononi bila kuacha, Moses, ambaye ndiye dereva wetu, akaingiza gari barabarani, tukampeleka hospitali. Alilala siku sita. Daktari anasema vidole vitafanya kazi, ingawa kidole kidogo bado hakikunjiki.

Watu walikuja kumwona na kusema ni ajali, Mungu kasaidia. Moses alisema mashine za mitumba ndivyo zilivyo. Yunisi mwenyewe aliniambia nisijilaumu. Mimi nikaitikia, nikamenya machungwa. Antipasi alikuja mara moja, akanitazama, akaondoka.

Yunisi aliporudi nyumbani nilifungua mashine. Nilifuata njia ya maji kuanzia mwanzo, kama ulivyonielekeza. Tenki lilikuwa na matope kidogo. Chujio la kuingilia kwenye boksi lilikuwa limeziba nusu nzima. Mpira wa kunyonya wa pampu ulikuwa na ufa, unavuta hewa. Halafu nikapima kwa ndoo: maji yakitoka kwenye pampu bila kupita kwenye koili, ndoo ilijaa kwa dakika mbili, yakipita kwenye koili, dakika saba. Nikafungua mdomo wa koili. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai, na tundu lililobaki lingepitisha njiti ya kiberiti tu. Chumvi ya maji yetu ilikuwa imekauka mle mwaka mzima. Kile kidude hakikuwa kibovu. Kila kilipoizima mashine kilikuwa kinasema kweli.

Nimezungusha siki na maji ya uvuguvugu siku mbili, ukoko umetoka vipande vipande. Mpira na kivalvu nimebadilisha. Antipasi amerudisha waya kama zilivyokuwa. Tuliijaribu uani: nikafunga maji makusudi, nikajificha nyuma ya ukuta wa jirani. Ikajizima yenyewe. Nilikaa chini pale pale nikalia.

Siku ya tisa baada ya ajali nilimwambia Yunisi. Nilikuwa nambadilishia bandeji, nikaona siwezi tena kuushika ule mkono nikiwa nimenyamaza. Nikamwambia kuhusu waya, nikamwambia na spana.

Akasema, "Kwa hiyo ulijua."

Nikasema, "Nilijua."

Akaniambia nimalize kufunga bandeji. Wiki nzima hakuongea nami zaidi ya salamu. Moses naye nilimwambia. Amehamia kulala sebuleni, ingawa chai yangu anakunywa.

Jana asubuhi Yunisi alikuja akanikuta kwenye gari. Akaniomba nimwonyeshe zile waya zilipo. Nikamwonyesha. Akazigusa moja moja kwa mkono mzima, akaniambia nifunge maji na kuwasha mashine, akasimama karibu kuliko nilivyosimama mimi, akangoja mpaka ikajizima. Kisha akasema, "Nitarudi kazini. Ila hii nitaiangalia mwenyewe kila siku, usiniambie kwamba umeshaiangalia."

Ijumaa tuna kazi Ilongero. Naogopa, Mjomba. Naogopa mashine, na zaidi najiogopa mimi nikiwa na haraka. Mama nimemwandikia, kwa hiyo huna haja ya kuficha. Ukipata nafasi nijibu hili moja: kuna kitu kingine ndani ya mashine hii kinachotulinda, ambacho mimi sikijui na naweza kukidharau?

Nisalimie mama Ezekieli, Ezekieli mwenyewe na dada Ritha. Mungu awafunike huko mliko, na mgongo wako aupe nafuu.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuhitaji,

Eliana