Kaa Wasioliwa na Mtu

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Keumbu tu wazima. Mama yako anachuma chai, nami nimepanda maua kwenye kaburi la babu yako. Unaniuliza mchague kiumbe gani, hapo mto unapoingia baharini, cha kuwaonyesha kama maji ya mto yanayofika yanatosha. Eti wakubwa wako wa kazini wanataka samaki anayeuzwa sana. Hao nao!

Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, mashine ya kuvuta maji iliwekwa kwenye kijito chetu. Afisa wa maji akaja kuuliza kama maji yanayobaki yanatosha. Babu yako akamwonyesha kambare mnene. "Si unaona? Samaki yupo."

Nikasema, "Huyo hata kwenye tope anaishi. Tazameni kaa wa chini ya mawe. Wameshaondoka wote."

"Na kaa huliwa na nani hapa?" babu yako akanijibu, wanaume wakacheka. Afisa akaandika kambare, mashine ikaendelea kuvuta. Nilikasirika hadi nikaunguza mboga.

Kiangazi kilipofika, kijito kilikatika. Kambare alikuwa hai bado, amelala kwenye tope.

Kwa hiyo, mama, mchagueni yule anayeondoka kwanza, hata kama hana mnunuzi.

Babu yako hakuwahi kukubali kwamba alikosea. Lakini asubuhi moja alichukua mtungi wangu, akaenda mto wa mbali kunitekea maji. Wanawake walimcheka njia nzima, naye akarudi na mtungi umejaa.

Nyanya yako