Msimbo wa Baiskeli ya Umeme

Dada yangu Thuraiya,

Huku tu wazima, na kitambi changu kizima kuliko sote. Wewe bado unadanganya umri huko Maskati?

Mwanao Qais amelazwa hapa hospitali kwetu. Waliomleta walikuwa wamefunika nyuso, wakaniamrisha: "Mzee Moosa, andika kaanguka na baiskeli ya umeme." Kazi yangu ni kuingiza misimbo ya majeraha kwenye kompyuta, yaani namba zinazoonyesha kila mgonjwa kaumizwa na nini, nami kwa uoga wangu unaoujua nikaingiza. Kisha nikamfunua shuka. Mikono yote imevunjwa, mgongo umepondwa kwa marungu, kwa kuwa alisimamia kura za upinzani. Baiskeli yake yenyewe ilikuwa nyumbani kwangu, inachajiwa. Nikafuta, nikaweka msimbo wa kupigwa na watu.

Chini ya faili hutokea jina la karani aliyeingiza msimbo. Qais akiweza kusafiri, mchukue. Mimi watanikuta mezani pangu.

Ndugu yako mwoga,
Moosa