Siku Faida Alipojikuta Mtandaoni

Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua likatoka kwa ukali, lakini milima iliyo nyuma ya mji imebaki na wingu kiunoni. Siumwi popote. Ila tangu mchana sijagusa chakula.

Leo redio yetu ilitembelewa na wasichana kumi na wawili kutoka shule moja ya bondeni, upande wa Luvungi. Walikuja na mwalimu wao kuona kazi tunayofanya. Wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Mimi ni mwalimu mstaafu, na siku hizi kazi yangu hapa ni kuandika na kuhifadhi matangazo. Ndimi niliyepewa saa moja ya kuwafundisha intaneti. Nilifurahi sana. Napenda kueleza mambo. Wenzangu husema hata nikiulizwa saa, naanza na historia ya jua.

Mmoja wao nitamwita Faida. Si jina lake. Kijiji nacho nimekibadilisha. Nilipaswa kujifunza tahadhari hiyo miaka mingi iliyopita.

Nilianza polepole. Niliwaambia kwamba kitafutio si mganga, hakikisii chochote. Kinaokota tu yale ambayo watu waliyaandika mahali fulani. Asiyeandikwa na mtu, hakimpati.

Faida, mwenye miaka kumi na mitatu, aliinua mkono.

"Mama, ii intaneti inafikaka mpaka Zambia?"

"Inafika dunia nzima, mwanangu."

"Baba yangu njo iko kule. Koko anasemaka kule simu haishike."

Koko ndivyo wengi huku wanavyomwita bibi. Faida analelewa na koko, mama mzazi wa baba yake. Mama yake mwenyewe alifariki Faida akiwa mchanga. Nilimwambia ngoja, tutafika Zambia. Kwanza kila mmoja aandike jina lake kamili.

Nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka waone kwamba hawamo, ili niwaambie: basi jiandikeni wenyewe, msingoje wageni waje kuandika habari zenu. Nilikuwa na somo zuri kabisa, nimelifikiria wiki nzima.

"Minye siko!" alilia mmoja, yaani yeye hayumo.

"Weye ungeonekana wapi, na ii sura?" mwenzake akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Kisha kwenye kompyuta ya Faida ukatokea mstari mmoja wenye jina lake, lote, pamoja na jina la ukoo.

"Faida iko mu intaneti!"

"Ee, vedeti! Fungua tuone!"

Walimpigia makofi kama nyota. Nami nilipiga makofi.

Alifungua. Nilikuwa upande wa pili wa chumba, nikauona mgongo wake tu, na kidole kinachofuata maneno kwenye kioo. Kidole kilisimama. Halafu akabonyeza kitufe nilichokuwa nimewaonyesha dakika chache kabla, kioo kikawa cheusi.

"Si minye," akawaambia. "Iko mutu mwingine, jina tu."

Wakamzomea kidogo, kwa utani, wakaenda na mwalimu wao kuona studio. Yeye hakuinuka. Nilikwenda nikakiwasha kioo, na kabla sijafika mstari wa pili nilijua nasoma nini.

Kwetu redio husoma komunike, yaani matangazo ya vifo, kila siku, na mimi huziweka pia kwenye ukurasa wetu wa mtandao, kwa ajili ya ndugu walio Bujumbura, kwenye kambi za wakimbizi, au mbali zaidi. Wanaume wanaofanana majina ni wengi, kwa hiyo tuna desturi ya kuwataja watoto wote wa marehemu. Mtu wa huku hutambulika kwa watoto wake. Komunike hii ilikuwa ya miaka saba iliyopita. Ilisema shimo la dhahabu upande wa Fizi lilibomoka, ikataja jina la baba, kisha: ameacha mama yake mzazi na mtoto mmoja. Jina la mtoto huyo ndilo lililokuwa limepigiwa makofi.

"Mama, nani aliandika ii?"

Mimi.

Sikutafuta njia ya kulizunguka swali lake. "Ni mimi, mwanangu."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akauliza, "Matanga ilikuwa kwetu? Minye nilikuwa wapi?" Akajijibu mwenyewe, taratibu, kama anayehesabu siku. "Ile wiki walinipeleka Bwegera kwa shangazi. Nilikula wali na samaki kila siku. Minye nilijua ni vakansi." Yaani likizo.

Ni lazima nieleze, ingawa wengi mnajua. Mtoto mdogo huku haambiwi kifo. Huambiwa mtu amesafiri, atarudi. Wazazi wetu walifanya hivyo, nasi pia, tukisema akikua ataambiwa. Lakini kila mwaka unaopita maneno yanazidi kuwa magumu kutoka mdomoni. Faida alinisimulia kwamba kila Krismasi koko humpa nguo mpya na kusema, "Baba ametuma kwa msafiri." Bila shaka bibi huyo hununua nguo hizo kwa pesa ya mpunga wake.

Nilimwambia ninaweza kuufuta ukurasa ule sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Unisomee. Kama vile munasomaka ku radio."

Nimesoma komunike nyingi mno katika redio hii kiasi kwamba sauti hutoka yenyewe. Nilivaa miwani nikasoma. Kwenye mazishi yetu, historia ya marehemu inaposomwa, watoto wake huitwa majina na kusimama mbele ya watu, ili kila mmoja aone ni nani waliobaki. Nilipofika kwenye jina lake, Faida alisimama. Hakuna aliyemwambia. Alisimama mikono ikiwa ubavuni, peke yake, kati ya meza na rundo la viti vya plastiki, mpaka nikamaliza.

Sikumaliza vizuri.

Baadaye aliomba maji ya kunawa uso, kwa sababu wenzake walikuwa wanarudi. Akiwa anajifuta kwa upindo wa sketi alisema, "Usiambie koko kama najua. Akileta ile nguo nitavaa. Nitasema aksanti baba."

Nikafanya kile ninachofanya siku zote: nikaanza kueleza. Kwamba koko naye amefiwa. Kwamba miaka saba hajaweza kumlilia mwanawe ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuogopa kusikika. Kwamba siri ya namna hii huchosha mifupa ya mzee. Alinisikiliza kwa heshima yote, kama anavyosikilizwa mwalimu.

"Najua, mama," akasema. "Njo maana."

Yaani ndiyo sababu yenyewe anataka nisiseme. Nikaahidi.

Waliondoka saa tisa. Mwalimu wao alinishukuru, akasema wasichana wamejifunza mengi. Nilimpungia mkono kila mmoja mpaka gari likapinda.

Naandika haya nikijua kwamba niliwafundisha kutafuta bila kujiuliza ni nini wanaweza kukipata, wakati vitu vyenyewe niliviweka mimi. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Ahadi ndiyo inayonishinda. Maisha yangu yote ya redio nimekuwa mtu wa kutangaza vifo, na leo mtoto ameniomba nifiche kimoja.

Saa hizi huko bondeni, bibi na mjukuu wanakula sahani moja. Kila mmoja anamficha mwenzake kifo kilekile, kwa kumwonea huruma. Neno langu moja lingetosha kuwakutanisha walie pamoja, na ni neno ambalo nimeapa kutolisema.

Je, nilimwahidi kwa ajili yake, au kwa sababu ninaogopa kumtazama koko usoni?